Uliza Mwalimu: Andika kwanza tarehe ya kurudisha karatasi

Nina barua tatu mezani na zote zinahusu mtihani wa mwanafunzi asiyekaa darasani. Kwa wasomaji wapya: nimefundisha Biolojia na Kemia miaka kumi na tisa katika shule za Temeke, saba kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa taaluma, na tangu 2021 nafundisha kwa mtandao nikiwa nyumbani Tabata. Barua ya kwanza ni ndefu na jibu lake litakuwa refu. Mnivumilie.

"Nimekaa na kalenda siku tatu"

*Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kazi ya mwalimu wa taaluma kwenye sekondari ya mtandaoni. Ofisi yetu ipo Sinza. Wanafunzi ni 130, kidato cha kwanza hadi cha nne, wengi wapo hapa Dar na wachache mikoani. Mwaka uliopita shule ilitoa mtihani kila mwisho wa mwezi kwa masomo yote. Walimu walielemewa, karatasi za Machi zikarudi Mei, wazazi wakalalamika. Sasa mkurugenzi anataka ratiba ya upimaji ya mwaka mzima wa 2027 kabla shule hazijafunguliwa. Nimekaa na kalenda siku tatu, sijui nianzie wapi. — Mwalimu wa taaluma, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Bila shaka umeanza kuijaza hiyo kalenda kwa kujiuliza mtihani wa kwanza utakuwa lini. Sote tulianza hivyo. Ifute. Jiulize mtoto atarudishiwa lini karatasi yake. Andika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu, rudi nyuma ukihesabu siku za kusahihisha, na utakapofikia ndipo penye siku ya mtihani.

Kaa na mwalimu wako wa Historia mpige hesabu. Kama ndiye anayefundisha vidato vyote, ana karatasi 130. Karatasi yenye insha haisahihishwi vizuri chini ya dakika nane. Hizo ni dakika 1,040, yaani saa 17 na dakika 20. Mwalimu anayefundisha mchana na kusahihisha saa mbili kila usiku anahitaji siku tisa, na hapo hajaumwa, hajafiwa, umeme haujakatika. Ukimpa mtihani wa kila mwezi juu ya mazoezi ya kila wiki, unamlazimisha aweke vema bila kusoma, na ataweka, kwa sababu hana namna. Karatasi za Machi kurudi Mei haukuwa uvivu wa walimu wako. Ratiba ndiyo iliyowashinda, kwa hiyo ukiwaita kikao, usianze kwa kuwalaumu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwarudishia watoto karatasi zilizochelewa wiki sita. Ilikuwa mada ya mzunguko wa damu. Kijana mmoja aliigeuza karatasi yake mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hili nililiandika mimi?" Nilikuwa nimemwandikia maelezo ya nusu ukurasa kwa wino mwekundu, nimekaa nayo hadi usiku wa manane. Hayakumsaidia chochote, maana alikuwa ameshasahau aliwaza nini siku alipokosea. Tangu siku ile nimejiwekea siku kumi. Karatasi ikipita hapo, nahesabu kwamba mtihani ule sikuutoa.

Sasa kuna jambo ambalo shule ya mtandaoni inalo na ya matofali haina. Darasani nikieleza osmosisi, nikigeuka kutoka ubaoni najua papo hapo kwamba safu ya nyuma imeachwa njiani. Nyuso zinasema. Mtandaoni watoto huzima kamera ili kubana bando, na mimi nabaki kuongea na majina thelathini kwenye miraba myeusi. Kwa hiyo nahitaji macho mengine, na macho hayo ni vipimo vidogo.

Navifanya hivi. Mara moja kwa wiki, dakika kumi za mwisho wa kipindi, natoa maswali matatu: moja la leo, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Mtoto anaandika kwenye daftari lake. Natoa majibu hapo hapo, kila mtu anajisahihisha, halafu ananitumia namba ya swali alilokosa, basi. Hakuna alama, hakuna kuingizwa kwenye ripoti. Ndani ya dakika tano najua kwamba 22 kati ya 30 wamekosa swali la pili, na kipindi kinachofuata naanzia hapo. Mwalimu hatumii usiku wake hata dakika moja. Na kwa kuwa hakuna alama, mtoto hana sababu ya kuniongopea.

Kwa alama zinazoingia kwenye ripoti, weka majaribio mawili kwa muhula kwa kila somo, na mtihani mmoja wa kufunga muhula. Mkurugenzi atasema ni machache. Mwekee mezani zile dakika 1,040.

Tuje kwenye tarehe. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na Idd el-Fitr kuangukia karibu na tarehe 9 au 10 Machi, kutegemea mwandamo wa mwezi. Pasaka ni tarehe 28 Machi. Basi jaribio la kwanza limalizike Ijumaa ya tarehe 29 Januari. Liwe dogo, ukurasa mmoja, liulize mambo ya mwaka uliopita ili mjue mtoto ameingia na nini kichwani. Ndani ya mfungo endelea na vipimo vidogo, lakini asubuhi. Usimpangie binti aliyefunga mtihani wa saa kumi jioni wakati nyumbani kunaandaliwa futari na yeye ndiye anayekuna nazi. Jaribio la pili lianze Jumatatu ya tarehe 15 Machi, Idd imepita na Pasaka haijafika, na karatasi ziwe mikononi mwa watoto kabla ya Ijumaa Kuu ya tarehe 26.

Aprili na Mei ni masika. Mvua ikikaza hapa Dar, umeme unayumba na mtandao nao, na mtoto wa Kigogo au Jangwani anaweza kuwa anahamisha magodoro saa ile ile unayomsubiri kwenye Jiografia. Masika yote huwezi kuyakwepa, lakini unaweza kuyaachia nafasi. Mtihani wa kufunga muhula uanze Jumatatu ya tarehe 3 Mei, somo moja kwa siku, uishe Jumatano ya tarehe 12. Alhamisi na Ijumaa zinazofuata ziandike kuwa siku za akiba, na ziwemo kwenye ratiba tangu Januari, mzazi azione. Idd el-Adha inatarajiwa karibu na tarehe 16 au 17 Mei, hapo usipange kitu. Karatasi zirudi Jumatatu ya tarehe 24, na wiki hiyo yote iwe ya masahihisho, watoto wakiwa bado kwenye vipindi. Kufunga shule siku ya mwisho ya mtihani ni kuwapeleka watoto likizo na makosa yao.

Nasisitiza siku za akiba kwa sababu niliwahi kukosa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilikatika. Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa na mtihani wa Kemia kidato cha tatu. Kiungo kilikataa kufunguka. Hadi saa nne, watoto 11 kati ya 38 walikuwa wamepata karatasi, wengine wanazunguka majumbani mwao na simu juu wakitafuta mtandao, na kuna wazazi waliokuwa wanapiga picha maswali wakiwatumia wenzao kwa nia njema kabisa. Mtihani ukawa umeharibika. Ratiba ilikuwa imejaa hadi siku ya mwisho, kwa hiyo tulitunga mwingine usiku ule ule, na ulikuwa mbaya. Niliwapa watoto mtihani mbaya na bado naumia nikiukumbuka.

Siku hizi karatasi inatumwa jioni ya kuamkia mtihani, faili dogo lililofungwa kwa nenosiri. Saa tatu kamili asubuhi nenosiri linatumwa kwa meseji ya kawaida kwenye simu ya mzazi. Meseji haihitaji bando, na inafika hata intaneti ikiwa imezimia. Karatasi ya pili ya somo hilo hilo iwe imetungwa na kufungiwa tangu wiki mbili kabla.

Jingine ni aina ya maswali, na hapa ndipo shule nyingi za mtandaoni zinapowaangusha watoto bila kujua. Maswali ya kuchagua yanajisahihisha yenyewe, kwa hiyo yanavutia. Lakini chukua karatasi ya Biolojia ya kidato cha nne kwa muundo ambao Baraza la Mitihani limeutumia miaka ya karibuni: Sehemu A, yenye kuchagua na kuoanisha, ina alama 16. Sehemu B ina 54, Sehemu C ina 30. Mtoto wako akibonyeza majibu mwaka mzima, umemwandaa kwa alama 16. Hizo 84 zilizobaki ni za kalamu, karatasi na mkono usiochoka kwa saa tatu. Mkono huo unafundishwa. Majaribio yote ya alama yaandikwe kwa kalamu, yapigwe picha, yatumwe.

Kupiga picha nako ni somo. Mwaka jana nilipokea picha ya jibu la mchoro wa moyo. Karatasi ilikuwa imelazwa juu ya khanga kitandani, imebonyea katikati, kona moja imekunjwa ikafunika namba ya swali. Taa ilikuwa nyuma ya mpigaji, hivyo kivuli cha simu na vidole vinne vilikaa juu ya ventrikali ya kushoto. Chini kulikuwa na duara la kikombe cha chai. Nilikuza, nikapunguza, nikaipeleka kwenye mwanga, sikuweza kusoma lebo tatu kati ya nane. Mtoto alikuwa amezijua zote. Nilimpigia akanitajia moja baada ya nyingine. Tangu hapo, wiki moja kabla ya mtihani nafanya zoezi la picha tupu: andika jina, chora chochote, weka karatasi sakafuni karibu na mlango wakati wa mchana, simama mlango ukiwa mbele yako na si mgongoni, andika "1 kati ya 4" juu ya kila ukurasa, tuma. Asiyesomeka anarudia hadi asomeke. Linachukua siku mbili na linaokoa mengi.

Kidato cha nne wawe na ratiba yao. Mtihani wa utamilifu uanze Jumatatu ya tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya Nanenane, uishe tarehe 20, karatasi zote zirudi Ijumaa ya tarehe 3 Septemba. Hapo mnabaki na takriban miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Shule zinazofanya utamilifu mwishoni mwa Septemba huwa zinampima mtoto wakati hazina tena muda wa kumtibu.

Na waambie wazazi ukweli huu mapema, kwa maandishi. Baba yangu alikuwa mwalimu, na alipenda kutusimulia jinsi Azimio la Musoma la 1974 lilivyotaka kazi za mtoto za mwaka mzima zihesabiwe, asihukumiwe kwa karatasi ya siku moja. Mwanafunzi wa shule iliyosajiliwa bado anaingia mtihani wa taifa akiwa na alama zake za maendeleo. Watoto wenu, kama wanaandikishwa kuwa watahiniwa wa kujitegemea, hawana hizo. Matokeo yao yanabebwa na karatasi ya Novemba peke yake. Kwa hiyo majaribio yenu hayawaongezei watoto alama hata moja kule Baraza la Mitihani. Kazi ya majaribio hayo ni kuwaandaa, na yapangwe kwa kazi hiyo. Mtoto ambaye hakupitia Upimaji wa kidato cha pili ana Mtihani wa Maarifa wa kufanya kwanza kabla ya kufikiria cha nne. Mambo ya usajili na kituo cha kufanyia mtihani yaandike Januari, juu kabisa ya ratiba, kwa sababu dirisha hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa faini.

Nimalizie na karatasi yenyewe inaporudi. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha kazi aliyoifanya kwa wanafunzi wa Israeli. Kundi moja lilipewa alama tu, jingine maoni tu, jingine alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea vizuri kwenye kazi zilizofuata. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi hayo maoni. Nilipoisoma nilikubali mara moja, maana nimeona kwa macho: mtoto akiona 38, hasomi kilichoandikwa pembeni. Kwa hiyo narudisha karatasi na maoni kwanza. Mtoto anachagua swali moja alilokosa, analiandika upya, ananitumia. Siku ya tatu nampa alama. Wazazi hukasirika mara ya kwanza. Mara ya pili hawaulizi.

"Amepata 92 lakini nikimuuliza anababaika"

*Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yupo kidato cha tatu, anasoma kwa mtandao. Ripoti ya muhula amepata 92 Biolojia. Lakini nikimuuliza kitu alichosoma anababaika. Mimi nauza maandazi, niliishia darasa la saba, siwezi kumkagua. Nahisi anaangalizia kwenye simu, au hii akili mnemba wanayoisema. Baba yake anataka amnyang'anye simu. Nifanyeje? — Mama wa Mbagala*

Dada yangu, salama. Simu asinyang'anywe, maana ndiyo darasa lake. Mwambie shemeji asubiri kidogo.

Nakukatalia jambo moja tu, kwamba huwezi kumkagua. Kesho ukiwa unakanda unga mwite akae karibu. Muulize: hamira inaufanyaje unga uumuke? Hiyo ni mada ya upumuaji usiotumia oksijeni, na mtoto wa kidato cha tatu anapaswa kuwa ameshaipita. Anayejua atakwambia kwamba hamira ni viumbe hai vidogo sana, jamii ya kuvu, vinakula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na hewa hiyo inanaswa ndani ya unga kwa viputo. Ikifika hapo muulize: kwa nini nikitumia maji ya moto sana unga hauumuki? Hili jibu unalo wewe kwa mikono yako, miaka yote. Hamira imekufa. Kisha muulize kwa nini asubuhi za baridi za Julai unga unachelewa. Sikiliza anavyojibu. Mtoto aliyeelewa hutafuta maneno, anakosea, anajirekebisha, anaendelea. Aliyenakili hutafuta sentensi, na sentensi ikimpotea ananyamaza.

Akinyamaza, usimpigie kelele. Mwulize tangu lini ameacha kuelewa. Mara nyingi ni mada moja iliyompita, labda wiki aliyoumwa au bando lilipoisha, akaona aibu kuuliza mbele ya wenzake, akaanza kuziba pengo kwa kunakili. Na nikuombe radhi kwa kusema hivi, lakini ile 92 ilipofika nyumbani mlifurahi sana, mkawapigia ndugu. Sasa amebeba mzigo wa kuilinda.

Kwa upande wa shule, omba mtahini wake ampigie simu dakika tano baada ya kila mtihani wa muhula. Mimi hufanya hivyo kwa darasa zima: watoto 30 kwa dakika tano ni saa mbili na nusu, jioni moja tu. Namsomea mtoto sentensi yake mwenyewe na kumuuliza, "Hapa ulimaanisha nini?" Sihitaji mtambo wa kugundua akili mnemba. Juzi kijana wa kidato cha pili aliandika kwamba utando wa seli "unaruhusu upenyezaji teule." Nilipomuuliza, akasema hajui. Kisha akafikiri, akasema, "Ni kama bawabu, Mwalimu, anachagua wa kuingia." Basi alikuwa anajua. Nilimwandikia alama zote na kumwambia siku nyingine aandike bawabu.

Mwambie pia binti yako jinsi chumba cha mtihani wa taifa kilivyo: hakuna simu, kuna msimamizi, na Baraza hufuta matokeo ya anayebainika kudanganya. Mwambie kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnakata maandazi. Ana mwaka mmoja na zaidi mbele yake. Muda huo unatosha kabisa kuziba pengo la mada moja au mbili.

"Nimerudia daftari mara nne"

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nauza vitambaa Kariakoo. Narudia kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kila usiku nasoma daftari hadi saa sita, nimelirudia mara nne. Lakini nikishika karatasi ya miaka iliyopita sikumbuki kitu. Sina shule, sina wa kunipa mtihani. Nijipangieje? — Kijana wa Kariakoo*

Marahaba, baba. Bidii unayo. Tatizo ni kwamba unasoma tu, hujijaribu. Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2006. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliofunga kitabu na kujaribu kuandika walichokumbuka ndio waliokuwa mbele. Wewe mtihani wako upo mbali zaidi ya wiki moja.

Kwa hiyo usiku soma ukurasa mmoja, funga daftari, andika ulichokumbuka kwenye karatasi chakavu, fungua, jisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kurasa mbili zinatosha, ukalale saa nne. Mwili uliobeba majora ya vitambaa mchana hauwezi kujifunza saa sita usiku. Jumapili moja kila baada ya wiki mbili fanya karatasi nzima ya somo moja, saa tatu kwa saa ya ukutani, simu umempa jirani. Zungusha masomo yako hivyo hadi Oktoba.

Wa kukusahihishia yupo. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake kuna mifano ya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya walikosea wapi. Vijana wengi hawazijui. Chapisha ya somo moja hapo hapo Kariakoo, haitakugharimu zaidi ya chakula cha mchana cha siku chache, na ulinganishe jibu lako na yale. Pita pia kwenye kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima uulizie vipindi vya jioni. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wa hali yako hasa.

Jumapili ya kwanza usianze na Hisabati. Anza na somo unaloliweza, ukae saa zote tatu hata ukimaliza mapema. Kisha niandikie ulipata ngapi.